Nusu mwaka kwenye karakana ya mukuba (shaba): maoni ya mwalimu aliyestaafu, Lubumbashi

Kazi yangu ya kwanza fundi aliitoa mezani, akaigeuza kifudifudi, akachukua nyundo ya mbao na kuipigapiga mpaka ikawa bapa tena. Ilikuwa samaki. Nilikuwa nimeihangaikia wiki tatu, asubuhi sita nzima, na mjukuu wangu nilishamwahidi kwamba itatundikwa juu ya kitanda chake. "Haiko muzuri, Mama Prof," akasema, "rudilia." Akanirudishia bamba langu, akaenda kutazama moto. Nilibaki nimelishika, na nilichokisikia moyoni ni furaha. Ninaandika maoni haya ili nieleze furaha hiyo ilitoka wapi, na kwa nini mtu wa umri wangu anayeacha kazi atafute mahali kama hapa kabla hajakubali ushauri wa watoto wake wa kukaa barazani na kupumzika.

Nina miaka 64. Nimefundisha kemia kwa miaka 36 katika shule za sekondari za hapa Lubumbashi, na Julai iliyopita nilimkabidhi prefe, mkuu wa shule, funguo za kabati la maabara. Ndani ya kabati mlikuwa na taa moja ya spiriti, mirija michache ya kioo na chupa ambazo karatasi zake zilishafutika. Kwa muda mrefu nilifundisha kwa chaki peke yake. Jambo lililoniuma kila mwaka ni kwamba nilikuwa nafundisha habari za shaba katika mji uliozaliwa na shaba. Mji ulianzishwa 1910, na mwaka uliofuata tanuru lilitoa shaba yake ya kwanza. Mkoa wetu wenyewe uliitwa Shaba tangu 1971 hadi 1997. Baba yangu alikuwa mtu wa Gécamines, kampuni ya serikali ya madini. Nimekua nikiliona bomba lile refu la moshi na kile kilima cheusi cha takataka za tanuru kila nilipotoka nje. Halafu naingia darasani, naandika ubaoni: alama Cu, namba ya atomu 29, huyeyuka kwenye nyuzi 1085, gramu 8.96 kwa kila sentimita mchemraba. Watoto wamekariri, wamefaulu, wamekwenda. Na mimi niliyewafundisha sikuwahi kushika kipande cha shaba nikakipinda nikahisi kinavyobadilika mkononi.

Sikuanzia karakanani. Mwezi wa kwanza wa mapumziko nilijiandikisha kwenye darasa la Kiingereza la watu wazima, mahali pazuri, viti vya kuegemea, mwalimu kijana mwenye adabu sana. Kila mmoja wetu akifungua mdomo, yeye: bravo mama, bravo papa. Siku moja aliturudishia makaratasi ya zoezi, na langu lilikuwa na vema kutoka juu hadi chini. Nilijua wazi kwamba sentensi tatu nilizikosea. Nimesahihisha makaratasi miaka 36. Naijua alama ya huruma nikiiona. Kijana yule hakuwa na nia mbaya, kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hamkosoi mtu wa umri wa mama yake mbele za watu. Lakini mwanafunzi asiyekosolewa ameachwa peke yake. Nikalipa deni langu la mwezi, nikaaga.

Karakana niliyoipata iko komini ya Kenya (ninyi mnaosoma kutoka mbali, hilo ni jina la mtaa wetu mkubwa wenye soko, si nchi), nyuma ya nyumba ya familia, chini ya paa la bati lililofungwa kwenye mwembe. Haina kibao wala jina. Unafika kwa kusikia nyundo. Fundi ni mwanaume wa miaka kama 40 aliyefundishwa kazi na marehemu baba yake. Anatengeneza picha za kutundika, sahani kubwa na sura za wanyama, kazi ile ya kufua bamba la shaba kwa nyuma mpaka picha itokeze mbele. Watu wa Lubumbashi mnaijua, imetundikwa sebule ngapi. Mafunzo ni Jumanne na Jumamosi, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Bei ni dola 30 kwa mwezi, unaweza kulipa kwa faranga, na unaweza kulipa nusu mwanzoni na nusu katikati. Nyundo, tindo, lami na makaa ni vya fundi. Shaba unanunua mwenyewe, na hilo nitalirudia kwa sababu liliniletea hasara.

Siku ya kwanza hakunipa nyundo. Alinipa kipande cha shaba kisichozidi kiganja, akaniambia nikipinde. Kilikubali kama karatasi nene. Nikinyooshe. Nikipinde tena. Mara ya nne kikaanza kukataa, na mara ya sita ukaidi wake nikausikia ndani ya vidole gumba. Jambo hili nimelifundisha: atomi za metali zimejipanga safu kwa safu, safu zinateleza, kila ukipinda kasoro zinaongezeka ndani ya fuwele na kuanza kuzuiana, na metali inakuwa ngumu. Nililifundisha kwa mchoro wa viduara ubaoni. Sasa viduara vile vilikuwa vinasukumana na mikono yangu.

Kisha tukaenda kwenye kona ya giza. Imezibwa kwa magunia makusudi, maana rangi ya moto inadanganya kwenye jua. Fundi aliweka kipande juu ya makaa ya mbabula (jiko la makaa), akazungusha kipulizio alichokitengeneza kwa rimu ya baiskeli. Nilisogea karibu mpaka joto likanipiga usoni. Shaba ilipitia rangi zake: chungwa, halafu zambarau iliyopita upesi kama kivuli cha ndege, halafu kahawia, halafu ikavaa weusi juu na chini ya weusi ukaja wekundu hafifu, kama kaa linalokaribia kufunikwa na majivu. "Hapo," akasema. Akakishika kwa koleo, akakizamisha kwenye ndoo. Ngozi nyeusi ikabanduka na kuelea vipandevipande, na chini yake palikuwa na shaba ya rangi ya waridi ambayo nilikuwa sijawahi kuiona. Akanipa. Nilikipinda kwa kidole kimoja.

Chuma cha kisu ukikifanyia hivyo kinakuwa kigumu na kinaweza kuvunjika. Shaba inalainika. Moto unazipa atomi nafasi ya kujipanga upya, fuwele mpya zinazaliwa bila zile kasoro, na kazi inaanza tena kama vile hukuwahi kuigusa. Nilijua hayo yote kwa maneno. Nilikaa kwenye kigoda na kipande kile mkononi, nikawafikiria wanafunzi wa miaka 36 ambao ningeweza kuwapa sentimita 5 za shaba na jiko la makaa wakaelewa kwa dakika 10 kitu nilichowaeleza kwa saa mbili.

Baada ya hapo kazi yenyewe. Bamba linalazwa juu ya lami iliyochanganywa na unga wa tofali na mafuta kidogo, imepashwa moto ikawa kama bukari (ugali) iliyopoa: inashika, lakini inakubali kubonyea. Unachora kwa penseli, unafuata mstari kwa tindo butu isiyokata, unageuza, unapiga kutoka nyuma ili sehemu za picha zivimbe, unageuza tena, unashusha mandhari kutoka mbele. Kila baada ya muda bamba linakuwa gumu na lazima lirudi motoni. Ni lini? Hilo ndilo lililonitesa. Ukichelewa shaba inapasuka, na ufa hauna dawa. Fundi hatazami. Anasikiliza. Anaweza kuwa anamhudumia mteja getini, halafu kutoka kule: "Sikia, Mama Prof, inalia. Peleka ku moto." Sauti ya nyundo inapanda kadiri shaba inavyokaza. Mwezi mzima sikusikia tofauti yoyote. Mwezi wa pili nilianza kuisikia kwenye mabamba ya wengine. Langu lenyewe nimelisikia kwa hakika mara ya kwanza Oktoba, barabara zikiwa zambarau kwa maua ya jakaranda, na nilinyanyuka na kwenda motoni kabla hajaniita. Hakusema kitu. Aliniona, akaendelea na kazi yake.

Sasa, kuhusu samaki. Kosa langu lilikuwa moja na fundi alinionyesha kwa kidole gumba: magamba niliyapiga vizuri, lakini tumbo lote lilikuwa na kimo kimoja. Nilikuwa nimechora samaki, sikuwa nimemwinua. "Huyu samaki yako hakula," alisema, na watu wote pale wakageuka kutazama. Ni kweli, hakuwa amekula. Bamba lilikuwa bado linafaa, kwa hiyo alilinyoosha nianze upya badala ya kunitoza lingine. Hivyo ndivyo anavyofanya kwa kila mtu, mimi na kijana wa miaka 17 anayekaa kigoda cha pili. Heshima yangu naipata yote: nikifika mtoto wake anapokea mfuko wangu, mke wake ananiuliza nimeamkaje na nyumba imeamkaje, na hakuna anayekaa kabla sijakaa. Nyundo ikishashikwa, kazi inaangaliwa kama kazi. Nilikuwa nimesahau ladha ya hiyo. Mtu akifika umri fulani, akikosea watu hutazama pembeni. Chumvi ikizidi kwenye sombe lake la majani ya muhogo wanakunywa maji kimya. Mimi nilikuwa nimeanza kuzoea kutazamiwa pembeni. Samaki yule bapa alinirudisha miongoni mwa watu wanaotarajiwa kufanya vizuri zaidi kesho.

Kama mwalimu nina lawama moja kwa ufundishaji wake, na nimemwambia mwenyewe. Haelezi sababu. Anasema "hapana vile", anaonyesha kwa mkono, anaondoka. Hana mpango wa masomo. Ukija mwezi wa pili utakuta anakufundisha kitu alichopaswa kukufundisha wiki ya kwanza, kwa sababu ndiyo kazi iliyoko mezani siku hiyo. Kijana mwenye macho mepesi anaiba kwa kutazama. Mimi nilihitaji maneno, kwa hiyo nilinunua daftari na kila Jumamosi jioni niliandika: nilichofanya, kilichoharibika, alichosema. Daftari sasa lina kurasa 41. Mwezi wa nne fundi aliliomba, akalisoma polepole akiwa amesimama chini ya mwembe, akaniuliza kama kijana wa kigoda cha pili anaweza kunakili ukurasa wa moto. Ukifika pale umri umekwenda, nakushauri uwe na daftari tangu siku ya kwanza na uulize "kwa nini" bila aibu. Anajibu akiulizwa. Huwa hajui kwamba hujui.

Nije kwenye shaba. Fundi hauzi, na alipaswa kunitahadharisha mapema kwamba gharama ya bamba inaweza kukaribia nusu ya ada. Nilitumwa kwa muuzaji mmoja mjini, nikalipa dola 14 kwa bamba la sentimita 30 kwa 40, unene wa milimita 0.4. Lilikuwa jekundu na linang'aa. Nililipiga siku mbili bila maendeleo, mkono unauma, bamba linarudi kama springi. Nikaanza kujilaumu, nguvu zimekwisha, umri. Jumapili mchana nikalipima kwenye mizani ya jikoni ya binti yangu: gramu 380. Nilikaa nikapiga hesabu nyuma ya bahasha. 30 mara 40 mara 0.04 ni sentimita mchemraba 48; shaba ya kiasi hicho lazima iwe na gramu kama 430. Chuma kingekuwa na 378. Nikaenda kwenye friji, nikachomoa kile kidude cha sumaku kinachoshika karatasi mlangoni, nikakisogeza. Kikarukia bamba. Nilikuwa nimeuziwa bati la chuma lililopakwa shaba juu. Muuzaji alikataa kunirudishia pesa kwa kuwa nilishaligonga. Simtaji. Ninachowaomba ni hiki: nendeni na sumaku mfukoni. Shaba haivutwi na sumaku hata kidogo. Na kama muuzaji ana mizani, pimeni hapohapo, kilo haisemi uongo. Siku hizi fundi mwenyewe ana sumaku imefungwa kwa kamba kwenye nguzo, na anaijaribu kwenye kila bamba linaloingia.

Kuna siku nilimsimamisha kwa sauti ya darasani, na nadhani ndiyo siku aliyonikubali. Kusafisha ule weusi wa moto walikuwa wanatumia asidi ya salfa iliyokolea, kutoka kwenye dumu la njano. Mkoani kwetu asidi hii imejaa kwa sababu viwanda vinaitumia kuchenjua madini. Kijana alikuwa ameshika jagi la maji, anataka kuyamimina ndani ya beseni la asidi. Nilipiga kelele: "Acha!" Nyundo zote zikanyamaza. Nikawaeleza: asidi ndiyo inaingia kwenye maji, kidogokidogo, ukikoroga. Ukimimina maji juu ya asidi joto linakuwa kubwa mahali pamoja, maji yanachemka ghafla na kukurukia machoni na asidi ndani yake. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mawili, kisha akamwambia kijana arudie kusema mwenyewe kwa maneno yake. Tangu siku ile wana miwani ya kuzuia machoni, jozi mbili, na vitu vidogo tunavisafisha kwa ndimu na chumvi, ambavyo vinatosha kabisa: unasugua, weusi unayeyuka, waridi inatokea.

Wakati huo niliuliza pia maji machafu wanayamwaga wapi. Wanayamwaga mtaroni. Yalikuwa ya buluu nzuri, buluu ya salfeti ya shaba, sumu kwa samaki na kwa vitu vingi vinavyoishi majini. Niliomba misumari ya zamani. Tukaitumbukiza kwenye ndoo, tukaendelea na kazi. Mapumziko yalipofika tukaitoa: kila msumari ulikuwa umevaa koti la shaba, jekundu, laini kama vumbi la tofali, na ile buluu imepungua. Chuma kinaingia kwenye maji, shaba inatoka. Kijana aliushika msumari mmoja akaufuta kwa kidole, akautazama, akaufuta tena. Anajiandaa kwa mtihani wa taifa na hii iko kwenye masomo yake, alikuwa ameikariri. Sasa Jumamosi baada ya saa tano tunabaki naye nusu saa na kitabu chake cha kemia. Sikupanga kufundisha tena. Nusu saa hiyo hainichoshi.

Mwili. Hapa niwe mkweli kwa wenzangu wa umri wangu, maana ndilo mliloniuliza wengi. Vigoda ni vifupi mno. Wiki mbili za kwanza mgongo ulinifanya nilale chali mchana mzima. Nilileta kiti changu cha nyumbani na mto, na fundi alininyanyulia meza kwa matofali mawili bila kusita, lakini usingoje uumie ndipo uombe. Kelele ni kali: mabati juu, nyundo nne chini, na tangu Novemba mvua ikinyesha huwezi kusikia mtu aliye mbele yako. Weka pamba masikioni, au kizibo cha masikio kama unakipata. Moshi wa lami si wa kuvuta. Mimi nakaa upande wa mwembe ambako upepo unapita, na mwenye pumu simshauri kabisa. Kifundo cha mkono kiliniuma mpaka nilipojifunza kwamba nyundo ni ya kuachia idondoke, wala si ya kushindilia. Nyundo yenyewe ni nyepesi, na inayofanya kazi ni uzito wake na idadi ya vipigo. Macho: njoo na miwani yako ya kusomea. Choo ni cha uani, safi, lakini njia ya kwendea inateleza wakati wa mvua.

Upande wa pili, natembea kwa miguu kutoka karakanani hadi nyumbani, dakika 40, kitu ambacho nikiwa kazini sikukifanya kwa miaka. Vidole vyangu vya mkono wa kushoto, ambavyo asubuhi vilikuwa vinaamka vimekakamaa, vinaamka vizuri. Siwezi kuwaahidi wengine hivyo. Nasema vyangu. Na usingizi wa Jumanne na Jumamosi ni usingizi wa mtu aliyechoka kwa kazi, ambao ni tofauti kabisa na uchovu wa kukaa.

Tuko wanne. Kijana niliyemtaja, msichana mmoja anayetengeneza hereni kwa mabaki ya mabamba na kuziuza, mimi, na mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, mkimya, anayefua treni. Kila bamba lake ni treni. Fundi alijaribu kumpa ua, akalifanya kwa siku moja vizuri sana, akarudi kwenye treni. Kwa mtu anayetafuta maongezi mengi pale si mahali pake, kelele haziruhusu. Chai tunakunywa saa nne, na mikate, na ndipo mzee wa reli husema sentensi zake mbili za siku.

Kwa sasa nina sinia mezani. Nimechagua misalaba ya mukuba, ile iliyokuwa pesa katika nchi hii kabla ya faranga, ambayo wafuaji wa kale waliimimina kwenye kalibu baada ya kuyeyusha malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, kwa makaa ndani ya tanuru za udongo wa kichuguu. Ipo iliyofukuliwa makaburini huko Sanga, kwenye bonde la Upemba, mingine midogo kama ukucha. Mitatu iliwekwa kwenye bendera ya Katanga, mkoa wetu ulipojitenga 1960. Nimekwenda Makumbusho ya Taifa hapa mjini kuitazama kwa karibu kabla ya kuchora, nikagundua kwamba mikono yake haiko sawa kama tunavyoichora: inapanuka kuelekea nchani, na upande mmoja umebaki na mkwaruzo wa mahali shaba ilipomwagwa. Mkwaruzo huo ndio ninaohangaika nao. Fundi ameshanirudisha mara mbili. Mara ya kwanza alisema kingo zimelala. Mara ya pili hakusema. Alichukua tindo yangu, akaitazama ncha, akaipeleka kwenye msasa akaipunguza ukali, akaniwekea mkononi. Jumamosi iliyopita alipitisha kidole gumba kwenye msalaba wa kwanza, akaenda kwenye wa pili, akauliza: "Na hii nayo utaifanya lini?"

Kwa hiyo ninalipia mwezi wa saba. Watoto wangu waliokuwa wanasema mama pumzika, mmoja ameniletea koleo la zamani alilolikuta kwa rafiki yake gereji. Mjukuu bado anamdai samaki wake, na atapewa baada ya sinia, samaki aliyekula.

Anayetaka kuja: leta dola 15 za nusu mwezi, kiti chako, mto, pamba ya masikio, kitambaa cha kichwa, ndimu mbili na daftari. Shaba usinunue kabla hujaongea na fundi, na sumaku iko kwenye nguzo ya kushoto. Fika kabla ya saa tatu. Baada ya hapo mbabula imeshawaka, jua limeingia upande wa vigoda, na kiti cha chini ya mwembe kitakuwa kimechukuliwa na mzee wa reli.